Ufa Upande wa Kushoto

Ukuta wa ghala lile la karibu na Mwaloni
niliupiga plasta mimi,
mwaka ule saruji ilipopanda bei, na tajiri
akaniambia, "Bugumba, mchanga si ndio huo? Ongeza."
Nikaongeza.
Sikumwambia mtu.

Sasa amekuja binti mmoja, Nkwimba,
na ndoo tisa, na ngazi ya kukodi,
na uzi wenye unga wa buluu wa kupigia mstari.
Anauvuta, anaubana kwa gumba, anauachia: pa!
Mstari unalala ukutani umenyooka
kuliko chochote nilichowahi kujenga.

Siku ya kwanza, pembetatu.
Siku ya pili, pembetatu juu ya pembetatu,
rangi ya bati jipya, bati la kutu, bati lililopakwa lami,
zikipanda kama Mabatini inavyopanda mlima,
nyumba imekanyaga bega la nyumba,
paa la huyu ni kizingiti cha yule.
Siku ya tatu akachora duara la kijivu, zito,
akalikalisha juu ya duara jingine
bila kitu cha kulishikilia.
Hapo hakuna aliyeuliza. Mawe tunayajua.
Tunalala chini yake miaka yote,
nayo bado yanafikiria.

Mama Lushinge wa dagaa akasimama, beseni kichwani:
"Hizi nukta za fedha ni dagaa wangu.
Lakini nani kakwambia dagaa hupanga foleni?"
Nkwimba akacheka, akazivuruga kwa kitambaa.

Mtendaji wa mtaa akaja na daftari.
"Watu wako wapi? Mji bila watu ni mji gani?"
Binti akamwonyesha kwa ncha ya brashi
visanduku vya njano, vidogo, mia na kitu,
huko juu kwenye weusi:
"Hao hawajalala."
Mtendaji akaandika. Sijui aliandika nini.

Mengine siyaelewi mpaka leo.
Kwa nini ziwa amelifanya mraba.
Kwa nini kijani kimeila kona ya mraba huo.
Gugumaji, nikasema. Akasema hapana, ni kijani tu.
Na korongo, yule mlinzi wa majalala,
amekuwa mistari miwili na kigoti,
na bado nikimtazama nashika pua.

Usiku wa kuamkia Jumapili ikanyesha, ile ya mawe.
Asubuhi ufa ukajitokeza
upande wa kushoto, toka juu hadi msingi.
Umekata pembetatu nne na duara moja,
umepinda kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Nikasimama pale na mwiko mkononi.
Methali naijua. Kila fundi anaijua,
hata sisi tunaokula kwa nyufa.

"Nikuzibie?" nikasema. "Bure."
Bure! Mimi,
niliyemdai shemeji yangu hela ya misumari.

Akanitazama. Akatia kidole ndani ya ufa,
mchanga ukamwagika, ukamwagika,
saruji yake kama chumvi kwenye chungu cha mwenye deni.
Alijua. Naapa alijua.
Akachovya brashi kwenye kahawia ya maji ya tope
akaufuata ufa taratibu, bila uzi, bila rula,
kona kwa kona, mpaka chini akapiga magoti.
"Mto Mirongo," akasema. "Nilikuwa nimeusahau."

Watoto wakitoka shule hupitisha kidole humo,
wanashuka nao, wanashindana nani atafika ziwani.
Wapita njia wanasema mstari ule ndio wenye uhai.
Wanamsifu Nkwimba, na anastahili.
Mimi napita upande wa pili wa barabara.
Nikiona wingu limefunga kule Ukerewe
natazama mto wangu,
nahesabu umepanuka kidole kimoja, au viwili.